Jina lako liwe mlangoni: kwa dada anayehamia Ulaya

Wanawake wengi wanaojiandaa kuhamia Ulaya huniuliza habari za baridi. Koti utalinunua hukohuko, na la mtumba linatosha kabisa. Kinachomkwamisha mgeni ni anwani.

Ujerumani, ninakoishi, sheria inakupa wiki mbili tangu siku uliyohamia kwenye nyumba uwe umeshajiandikisha manispaa. Wenyewe wanaita Anmeldung. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Unatakiwa uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Bila usajili huo namba yako ya kodi haiji, benki zinakuzungusha, na mwajiri asiyepewa namba hiyo anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kuliko yote. Uholanzi ni hadithi ileile, ila pale wanasubiri namba ya BSN, yaani namba ya utambulisho ya kila mkazi. Hispania kuna empadronamiento, yaani kujiandikisha anwani manispaa. Italia nayo, ukiwa na viza ya kukaa muda mrefu, una siku 8 za kazi tu tangu uingie nchini uwe umeomba kibali cha ukaazi.

Kwa hiyo unapotafuta chumba, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: naruhusiwa kujiandikisha kwenye anwani hii? Mwenye nyumba akianza kujiumauma, aga uondoke. Na yule anayekwambia yuko safarini, umtumie amana kwanza halafu funguo zitakuja kwa posta, ni tapeli, hata kama picha za jiko zinang'aa namna gani. Ujerumani amana haitakiwi kuzidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu, ukiondoa gharama za joto na maji, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Wenye nyumba wengi hawakumbushi jambo hilo. Kumbusha wewe.

Ukishapata nyumba, kabla hujafungua masanduku, bandika jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Natilia mkazo kwa sababu watu hulidharau. Majengo mengi ya ghorofa ya Ujerumani hayana namba za milango. Tarishi anasoma majina tu. Jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka, na karibu kila kitu chako cha mwanzo kinakuja kwa barua: namba ya kodi, kadi ya benki, halafu namba ya siri ya kadi katika bahasha nyingine siku nyingine. Ukipanga chumba kwa mtu, jina lako likae chini ya lake, hata kwa kalamu na gundi.

Siku moja utakuta bahasha ya manjano, yaani barua rasmi ya mahakama au ofisi ya serikali. Usiiweke juu ya friji ukisubiri wikendi. Nje yake tarishi ameandika tarehe aliyoileta, na muda wa kupinga kilichomo unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, umeifungua au hujaifungua. Tunza bahasha yenyewe pamoja na barua.

Kuhusu kuzunguka, kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kwenye mipaka kati yao) kinakuruhusu kutembelea nyingine kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia, ila siku unazokaa katika nchi iliyokupa kibali hazimo. Ni ruhusa ya kutembea; ukitaka kufanya kazi nchi ya jirani, hayo ni maombi mengine. Wala usichanganye Schengen na Umoja wa Ulaya: Uswisi na Norwei wako Schengen lakini si wanachama wa Umoja, wakati Ireland ni mwanachama lakini haiko Schengen, hivyo kibali chako cha Ujerumani hakikufikishi Dublin. Chukua pasipoti halisi na kadi halisi hata kwa safari fupi. Kwenye treni zinazotoka Austria kuingia Ujerumani polisi hupanda na kukagua, na picha ya pasipoti kwenye simu haitakusaidia.

Italia, tikiti ya karatasi ya treni za mikoa igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda, la sivyo ni faini. Ukisafiri usiku peke yako, treni za Nightjet za Austria zina vyumba vya kulala vya wanawake watupu. Chagua wakati wa kukata tikiti, vinawahi kujaa.

Sasa nizungumze na wewe uliyemfuata mume, maana ushauri mwingi huandikwa kana kwamba kila mtu amekuja na ajira yake. Kibali chako mwanzoni kimeegemea ndoa. Kwa Ujerumani, kwa kawaida unapata haki ya kibali kinachojitegemea baada ya ndoa kudumu miaka 3 mkiishi pamoja nchini humo, na mwanamke anayepigwa nyumbani hatakiwi kusubiri miaka hiyo. Sheria imeweka mlango wake. Kuna simu ya msaada kwa wanawake, 116 016, bure, usiku na mchana, kwa lugha nyingi, na huhitaji kutaja jina. Hatari ya papo hapo piga 112, inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Hata kama ndoa ni tamu, na naomba iwe tamu, jina lako liwemo kwenye mkataba wa pango. Pasipoti yako ikae kwako. Omba nakala ya cheti cha usajili wa anwani uitunze mwenyewe pamoja na cheti cha ndoa na tafsiri yake rasmi. Fungua akaunti ya benki kwa jina lako peke yako. Anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya akaunti ya msingi, hata kama hana mshahara. Karani akikwambia lete mshahara kwanza, mwambie unaomba Basiskonto, ndilo jina la Kijerumani la akaunti hiyo ya msingi, kisha omba jibu lake kwa maandishi.