Maswali ya Wasomaji: Walitushusha Kabla ya Mwisho wa Safari

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tuliweka akiba kwa miaka minne ili tuadhimishe miaka 30 ya ndoa yetu kwa safari ya meli ya kitalii ya siku kumi, kutoka Barcelona hadi Piraeus, bandari ya Athens. Usiku wa nne niliamka kwa sababu ya ukimya. Mtetemo wa mitambo tuliokuwa tumeuzoea chini ya nyayo ulikuwa umekoma, na maji ndani ya glasi pembeni mwa kitanda yalikuwa yametulia tuli. Asubuhi nahodha alitangaza kwamba mtambo mmoja wa kusukuma meli ulikuwa umeharibika na kwamba tungekwenda Napoli kwa mwendo wa polepole; jioni yake tukaambiwa safari imekwisha na kila abiria afungashe mizigo. Kampuni ililipia hoteli kwa usiku mmoja, kisha ikatupa fomu inayosema kwamba tunapokea vocha yenye thamani ya nusu ya nauli, itumike ndani ya mwaka mmoja, na kwamba hatutakuwa na dai jingine lolote. Mume wangu alitia saini, mimi nilikataa. Tiketi za ndege za kurudi kutoka Athens, ambazo tulizinunua wenyewe, zilipotea bure. Safari tuliinunua kwa wakala mwenye ofisi katika nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, naye anasema masharti ya tiketi yanairuhusu kampuni kubadilisha safari wakati wowote. Je, ni kweli?

Jibu: Poleni sana, wewe na mzee. Mtu anayeweka akiba miaka minne hapotezi siku tano za baharini tu, na ninayasema haya mapema kwa sababu barua za kampuni katika mambo kama haya huandikwa kana kwamba kilichopotea ni usiku kadhaa wa malazi.

Alichowaambia wakala ni kweli kwa sehemu. Tiketi ya meli ya kitalii ni mkataba mrefu, na karibu kila mkataba wa aina hiyo una kifungu kinachoipa kampuni ruhusa ya kuacha bandari, kubadilisha mpangilio wa bandari au kuchelewa kuondoka. Ruhusa hiyo ina msingi mzuri. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kama SOLAS, unakataza mwenye meli kumzuia nahodha kuchukua uamuzi ambao, kwa ujuzi wa kazi yake, anauona ni wa lazima kwa usalama wa maisha ya watu, na unamtaka nahodha anayepata habari za watu walio hatarini baharini aende kuwaokoa kwa haraka, hata kama abiria wake wanasubiriwa bandarini na mabasi ya ziara. Hakuna abiria mwenye akili timamu atakayetaka iwe vinginevyo. Lakini ruhusa ya nahodha kugeuza meli ni jambo moja, na haki ya kampuni kubaki na fedha za siku ambazo haikuwahudumia ni jambo jingine kabisa. Mawakala wengi huyachanganya mambo haya mawili, na abiria huondoka akiamini kwamba kwa kuwa nahodha alifanya sawa, basi yeye hadai kitu.

Kwa kuwa mlinunua ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria inayowahusu ni Agizo namba 2015/2302 kuhusu safari za kifurushi, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018. Safari ya meli inayounganisha usafiri, malazi, chakula na burudani kwa bei moja huhesabiwa kuwa kifurushi. Chini ya Agizo hilo, sehemu kubwa ya huduma inapokosekana baada ya safari kuanza, mwandaaji, yaani yule aliyeunganisha huduma hizo kuwa kifurushi, anatakiwa kutoa mpango mbadala unaofaa bila kuongeza gharama, na kwa kipindi chote ambacho huduma haikulingana na mkataba msafiri ana haki ya kupunguziwa bei. Kuna pia kanuni ya Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu abiria wa majini, nayo watu wengi huikimbilia kwa sababu inataja fidia ya kuchelewa. Kifungu hicho cha fidia hakiwahusu abiria wa meli za kitalii, hivyo msipoteze muda nacho.

Naomba mzingatie tofauti kati ya kupunguziwa bei na kulipwa fidia, kwa maana hapo ndipo madai mengi hufa. Fidia ni malipo ya hasara nyingine iliyowapata, kama vile tiketi zenu za ndege na uchungu wa likizo iliyoharibika, na mwandaaji anaweza kuikwepa akithibitisha kwamba chanzo kilikuwa hali isiyoepukika na isiyo ya kawaida. Kupunguziwa bei hakuna mlango huo. Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya wasafiri wawili waliofika Gran Canaria, kisiwa cha Uhispania, Machi 2020 kwa likizo ya wiki mbili, na siku mbili baadaye fukwe zikafungwa kwa sababu ya korona. Mahakama ilisema kwamba wana haki ya kupunguziwa bei ingawa mwandaaji hakuwa na kosa lolote, na kwamba kiasi kinakadiriwa kwa kuangalia muda na uzito wa upungufu dhidi ya thamani ya kifurushi. Ikiwa haki hiyo ilisimama mbele ya janga lililoifunga dunia nzima, haiwezi kuanguka mbele ya mtambo uliokufa usiku.

Kuhusu fidia yenyewe, mimi ningeidai bila kusita. Katika kesi za ndege, mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kiufundi kwa kawaida si hali isiyo ya kawaida, kwa kuwa kutunza mitambo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya msafirishaji. Uamuzi huo haukutolewa kwa ajili ya meli, lakini hoja yake inaeleweka vizuri melini pia, na ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kinyume chake.

Sasa ile saini. Agizo linasema wazi kwamba mapatano au tamko lolote la msafiri linaloziondoa au kuzipunguza haki zake halimfungi. Kampuni inaweza kudai kwamba mume wako alikubali suluhu ya mwisho, kwa hiyo aandike mapema, kwa maandishi yanayobaki, kwamba alitia saini akiwa ameshushwa bandari asiyoitarajia na bila kupewa muda wa kufikiri, na kwamba haitaki vocha bali anataka fedha. Asiitumie hiyo vocha hata kidogo. Wewe uliyekataa kusaini ulifanya jambo la maana sana, na dai liandikwe kwa majina yenu wote wawili, lipelekwe kwa mwandaaji mwenyewe na nakala kwa wakala. Muda wa kudai chini ya Agizo hauwezi kuwekwa chini ya miaka miwili, lakini msingoje.

Msikubali hesabu ya kugawanya nauli kwa siku kumi na kurudisha tano. Elezeni kwamba visiwa vya Ugiriki vilikuwa katika nusu ya pili na kwamba ndivyo vilivyowafanya mchague safari hiyo. Ambatanisheni ile ratiba ya siku inayowekwa chumbani kila jioni, picha ya tangazo la kushuka, hesabu ya matumizi yenu melini, na risiti za tiketi zilizopotea pamoja na zile mlizonunua upya. Mkiwa na bima ya safari, idaini pia, ila hasara moja hailipwi mara mbili.

Kwa wasomaji walionunua kwingineko, mambo hubadilika sana. Marekani, baada ya moto katika meli ya Carnival Triumph kwenye Ghuba ya Mexico mwezi Februari 2013, chama cha kampuni za meli za kitalii kilitoa tamko la haki za abiria linaloahidi marejesho ya sehemu ya nauli safari inapokatishwa na hitilafu ya mitambo, pamoja na usafiri wa kumfikisha abiria bandari iliyopangwa au mjini kwao. Dhoruba haimo katika ahadi hiyo. Zaidi ya hapo, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1991 kwamba kifungu cha tiketi kinachotaja mahali pa kufungulia kesi kinamfunga abiria, hata anapoishi mbali na mahakama hiyo.

Swali: Meli yetu haikukatisha safari, lakini iliruka bandari mbili kwa sababu ya upepo. Tuliporudi chumbani tulikuta kiasi kidogo cha fedha kimeingizwa kwenye hesabu yetu ya melini. Fedha hizo ni za nini?

Jibu: Bila shaka ni ada na kodi za bandari, ambazo kampuni hailipi pale meli isipotia nanga, na kwa hiyo huzirudisha. Si fidia. Ziara za nchi kavu mlizozinunua melini zinapaswa kurudishwa zote. Mlizojinunulia kwa watu wa nje zinategemea masharti yao. Upepo huwaathiri zaidi wanaoshushwa kwa boti ndogo, kwa maana meli inaweza kusimama salama nje ya bandari na boti zisiweze kukaribia ngazi. Angalieni kama bima yenu ina kipengele cha bandari zilizorukwa. Mara nyingi huuzwa kama nyongeza, na hutaka barua ya meli inayotaja bandari, tarehe na sababu.

Swali: Katikati ya safari nilipata habari za msiba wa dada yangu. Nilishuka bandari iliyofuata na kurudi nyumbani kwa ndege. Bima inasema sikufuata utaratibu. Nimekosea wapi?

Jibu: Pokea rambirambi zangu. Kifo cha ndugu wa karibu kwa kawaida kimo kati ya sababu ambazo bima ya kukatisha safari inazikubali. Kinachowaangusha wengi ni kwamba bima huhitaji kupigiwa simu ya dharura kabla ya kununua tiketi ya kurudi, jambo ambalo mtu aliyefiwa hawezi kulikumbuka. Rufani inawezekana: peleka cheti cha kifo, uthibitisho wa udugu wenu, barua ya dawati la wageni la meli inayoonyesha saa uliyoomba kushuka, na kumbukumbu za simu yako zinazoonyesha saa ulipopata habari. Ukionyesha kwamba hakukuwa na tiketi ya bei nafuu zaidi siku ile, utakuwa umejibu hoja yao kuu, yaani kwamba kutowaarifu kuliwaongezea gharama.

Nawaongezea na wengine wanaosafiri kwa viza: anayeshuka njiani anaingia rasmi katika nchi hiyo, na viza ya kuingia mara moja ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huwa imekwisha kazi meli inapotoka eneo hilo, kwa mfano inapopita Tunis au Istanbul. Ombeni viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na pasipoti ikiwa imehifadhiwa na meli, iulizieni dawatini kabla hamjafungasha.