Jibu: Watoto wa darasa la tatu kujisahihisha wenyewe

Mwalimu, umeuliza namna ya kuwafanya watoto 70 wa darasa la tatu wafuatilie kujifunza kwao bila wewe kuzama kwenye madaftari. Anza na jambo moja tu: kujisahihisha hesabu.

Toa maswali matano, yanatosha. Wakimaliza, kusanya penseli zote, wasahihishe kwa kalamu ya wino. Wengi hupuuza hatua hii. Mtoto akibaki na penseli na kifutio atafuta jibu lake na kunakili la ubaoni, nawe utadhani darasa zima limeelewa. Ubaoni andika njia nzima, si jibu peke yake. Kwa mfano, 52 − 27: aliyepata 35 ametoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa kumi. Azungushie duara pale alipopotea, kisha afanye 63 − 38 papo hapo. Bila swali hilo la pili, duara ni pambo tu.

Alama wanazopata kwa kujisahihisha usizisome kwa sauti wala usiziingize kwenye rekodi zako. Zikishahesabiwa watadanganya, na mimi siwalaumu.

Kila Ijumaa, ukurasa wa mwisho wa daftari, aandike sentensi moja: “Naweza kutoa kwa kukopa” au “Bado nakwama kwenye sifuri.” Asiyeandika vizuri achore alama mliyokubaliana. Wiki inayofuata pitia madaftari 14 kwa siku. Wote 70 umewamaliza kwa siku tano. Wanaokwama pamoja waketishe karibu na ubao, dakika kumi, wengine wakiendelea na zoezi.