Barua za Wasomaji: Je, Kimya cha Watengenezaji wa Gemu ni Dharau?

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, tatu zinazungumzia jambo moja: usiri wa watengenezaji wa gemu na matarajio ya wanaozisubiri. Tumeziweka pamoja.

Ndugu mwandishi,
Pokea salamu zangu. Mimi na kaka yangu tuliimaliza gemu ya Hollow Knight mwaka 2018 kwenye kompyuta moja tuliyokuwa tukiachiana zamu, na mwaka uliofuata tukasikia kwamba mwendelezo wake, Silksong, unakuja. Tulisubiri zaidi ya miaka sita. Kwa sehemu kubwa ya muda huo watengenezaji hawakutuambia lolote, hata kutujulisha kama kazi inaendelea au imekufa. Gemu ilitoka na tumeifurahia, lakini kinyongo hakijaniisha. Kutukalia kimya namna ile si kutudharau sisi tuliowapa riziki?
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu yangu wa Morogoro, salamu zako nimezipokea na kinyongo chako nakielewa, kwa sababu nami nilikuwa miongoni mwa waliokesha kila palipokuwa na onyesho kubwa la gemu, nikitarajia kumwona Hornet, yule mdudu ambaye ndiye mhusika mkuu wa Silksong, na sindano yake, na nikalala bila kumwona. Hata hivyo, nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na ninaamini kwamba kosa la Team Cherry, watengenezaji wa gemu hizi, kama tutaliita kosa, halikuwa kukaa kimya. Kosa lao lilikuwa kusema mapema mno.

Tuanze na asili ya gemu yenyewe. Team Cherry ni studio ya mjini Adelaide, Australia, yenye watu wachache ambao unaweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mwishoni mwa mwaka 2014 waliomba michango ya umma kupitia Kickstarter, wakapata zaidi ya dola 57,000 za Australia, na miongoni mwa mambo waliyoahidi endapo michango ingevuka kiwango fulani ni mhusika wa pili wa kuchezwa, ambaye ndiye huyo Hornet. Hollow Knight ikatoka Februari 2017, na hadi mwaka 2025 nakala zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimeuzwa. Ile nyongeza waliyokuwa wakidaiwa na wachangiaji ikazidi kukua mikononi mwao hadi ikawa gemu kamili, na tarehe 14 Februari 2019 wakaitangaza kwa jina la Silksong, wakasema pia kwamba wachangiaji wa mwanzo wataipata bila kulipa. Kitu kilichoanza kama sura ya ziada ya kitabu kikawa kitabu kizima, na sisi tulikuwa tumekwisha kuonyeshwa jalada.

Kilichofuata kimeelezwa na wenyewe. Mwezi Agosti 2025, waasisi wawili wa studio hiyo, Ari Gibson na William Pellen, walizungumza na shirika la habari la Bloomberg wakasema kwamba kazi haikukwama hata siku moja. Ilikuwa ikisonga mbele wakati wote, nao walikuwa wakiifurahia. Gibson alisimulia kwamba ilifika wakati akalazimika kuacha kuchora, kwa sababu kila wazo zuri alilochora liliingia ndani ya gemu, na akaona kwamba asipoweka kalamu chini itawachukua miaka 15 kumaliza. Nakuomba ulipime neno hilo vizuri. Mdudu mmoja aliyechorwa jioni kwenye karatasi anahitaji namna yake ya kutembea, ya kushambulia, ya kuumia na ya kufa; anahitaji sauti, anahitaji mahali pa kuishi, na mahali hapo panahitaji njia ya kuingilia na sababu ya mchezaji kufika huko. Halafu yote hayo hujaribiwa tena na tena, kwa maana mdudu huyo akiwa mwepesi kupita kiasi anachosha, na akiwa mgumu kupita kiasi mtu anazima kompyuta.

Sasa jiulize wangekuambia nini mwezi Machi 2021, kwa mfano. Wangekuambia kwamba bado wanafanya kazi. Mwezi Aprili wangekuambia hivyo hivyo, na Mei pia. Hiyo ndiyo sababu waliyoitoa: hawakuwa na la kusema zaidi ya hilo, na waliogopa kwamba kulirudiarudia kungewachosha watu na kuwaharibia hamu. Wangeweza kuonyesha sehemu za gemu, lakini kila sehemu inayoonyeshwa inapungua ladha siku mchezaji anapoifikia mwenyewe, na katika gemu ya namna hii, ambayo raha yake kubwa ni kugundua pango ambalo hukujua lipo, upotevu huo si mdogo. Wewe na kaka yako, mlipokuwa mkiachiana zamu, bila shaka mnakumbuka siku mlipoanguka kwa bahati mbaya mahali msipopatarajia. Nisingependa mtu aniuzie siku kama hiyo kwa kionjo cha dakika mbili.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo ninakubaliana nawe. Mwezi Juni 2022 Silksong ilionyeshwa katika hafla ya Xbox ambapo tuliambiwa kwamba gemu zote zilizoonyeshwa zingeweza kuchezwa ndani ya miezi 12. Hilo halikuwa tetesi la vijana mtandaoni. Ni tarehe iliyotolewa hadharani, na mtu akishatoa tarehe hawezi tena kujificha nyuma ya kimya. Mwezi Mei 2023, muda ukiwa unakaribia kwisha, msemaji wa studio, Matthew Griffin, aliandika maneno machache tu: walikuwa wamekusudia kuitoa katika nusu ya kwanza ya mwaka ule, gemu imekuwa kubwa, bado inatengenezwa, na maelezo zaidi yatatolewa itakapokaribia kutoka. Hakutoa tarehe mpya. Wengi walikasirika kwa sababu hiyo, lakini mimi naona hapo ndipo studio ile ilipotuheshimu kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa walifuta ahadi ambayo hawakuweza kuitimiza na wakakataa kuibadilisha kwa nyingine ambayo hawakuwa na hakika nayo.

Ukitaka kuona kimya ambacho kweli kinastahili kinyongo, tazama kisa cha Half-Life 2 ya kampuni ya Valve, ya Marekani. Sehemu ya pili ya mwendelezo wake ilitoka Oktoba 2007, ikakatika mahali pa majonzi makubwa, mtu akilia juu ya maiti ya baba yake, na sehemu ya tatu ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu mwaka 2006. Haikutoka. Ilipofika Novemba 2024 ndipo Gabe Newell, mwenye kampuni, alipoeleza katika filamu ya kumbukumbu kwamba hakuona jambo jipya ambalo sehemu hiyo ingelileta, na kwamba kuitengeneza ili tu kuisogeza hadithi kungekuwa kukwepa wajibu wake kwa wachezaji. Ni sababu ya heshima, nami ninaikubali. Kinachoniumiza ni kwamba ilichukua miaka 17 kutamkwa, na katika miaka hiyo kuna watu waliokuwa wanafunzi wa sekondari wakawa wazazi huku wakisubiri. Ahadi iliyotolewa ni deni, na mdaiwa asiyeweza kulipa bado anapaswa kufungua mlango na kusema hana.

Silksong ilitangaziwa siku ya kutoka tarehe 21 Agosti 2025 na ikatoka tarehe 4 Septemba, yaani wiki mbili tu baadaye, kwa bei ya dola 20. Saa ilipofika, maduka ya mtandaoni ya Steam, Nintendo, PlayStation na Xbox yalielemewa na wanunuzi. Studio kadhaa ndogo zilikuwa zimeziahirisha gemu zao ili zisimezwe, na wale, kwa maoni yangu, ndio walioumizwa na usiri kuliko mimi na wewe, kwa sababu walipewa wiki mbili kuvuruga mipango ya miaka. Wachezaji wa China nao walilalamikia vikali tafsiri ya Kichina, hata studio ikaahidi kuirekebisha. Naamini macho zaidi kabla ya siku ile yangeliona tatizo hilo mapema. Kwa hiyo usiri una gharama, sikatai. Lakini dharau, ndugu yangu, siioni. Mtu anayekudharau hakai miaka sita akimchorea kila mdudu namna yake ya kufa.

Mpendwa mwandishi,
Mwanangu wa miaka 15 aliniambia rafiki yake amempa kiungo cha kupata gemu ya GTA VI (Grand Theft Auto VI) kwenye simu kabla haijatoka. Alilipa shilingi 500 bila kunieleza. Kilichokuja ni programu iliyojaa matangazo na inayodai namba ya siri. Kwa nini kampuni yenyewe isieleze kila kitu waziwazi ili watoto wetu wasiibiwe?
*Mzazi, Mombasa*

Mama au Baba wa Mombasa, pole sana kwa yaliyompata mwanao. Kabla ya mengine, aifute programu hiyo leo, na kama aliandika namba yoyote ya siri ndani yake, aibadilishe mara moja katika huduma zote anakoitumia.

Rockstar, watengenezaji wa GTA, wameitangaza GTA VI kwa mashine mbili tu, yaani PlayStation 5 na Xbox Series. Toleo la simu halijatangazwa, kwa hiyo kila anayeliuza anauza uongo. Usimwone mwanao mjinga kwa kuamini. GTA: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2, imekuwa ikipatikana kwenye simu tangu mwaka 2013, na vijana wengi wameijulia huko, si ajabu kijana akadhani GTA VI nayo itafuata njia hiyo hiyo.

Ama kuhusu kueleza kila kitu, kampuni hii ina sababu ya kujifunga zaidi ya wengine. Mwezi Septemba 2022 mtu aliingia katika mifumo yake na kusambaza video zipatazo 90 za gemu hiyo ikiwa bado inajengwa, zikiwa na kuta zisizo na rangi na maandishi ya mafundi yakielea juu ya vichwa vya wahusika. Wako waliocheka wakisema gemu ni mbovu, kana kwamba mtu amepita kwenye nyumba isiyoezekwa akalalamika kwamba inavuja. Watengenezaji wa studio nyingine wakajitokeza kuwatetea wenzao kwa kuonyesha picha za gemu zao maarufu zilivyokuwa katika hatua kama hiyo. Tangu wakati huo Rockstar wamesema machache, na tarehe zenyewe zimesogezwa: kwanza mwaka 2025, kisha tarehe 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikatangazwa tarehe 19 Novemba 2026. Kampuni mama, Take-Two, inauza hisa sokoni, hivyo kila tarehe inayotajwa huwagusa wenye hisa pia, na neno moja la kuteleza lina bei yake.

Lakini hoja yako ina uzito. Pengo la habari halikai tupu, matapeli hulijaza. Ninadhani kampuni inayojua kwamba mamilioni ya vijana wanaitafuta gemu yake kila siku ingeweza, bila kufichua siri yoyote, kusema mara kwa mara na kwa lugha nyepesi kwamba haipo kwenye simu. Jambo la mwisho, nalo nalisema kwa heshima: GTA V ilipewa daraja la miaka 18 barani Ulaya, kwa hiyo mazungumzo yenu kuhusu gemu hii yana mambo mengine zaidi ya kiungo cha uongo.

Shikamoo mwandishi,
Ninasoma chuo na ninatengeneza gemu ndogo peke yangu. Niliwaambia wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba itatoka Desemba. Haitawezekana. Kila siku wananiuliza, nami nimeacha kujibu. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Wajibu usiku huu. Sema kwamba Desemba haitawezekana na utaje sababu moja ya kweli, iwe ni mitihani au ni ngazi ya tatu iliyokushinda kuiunganisha. Usitaje mwezi mwingine hata wakikusihi, kwa maana ukitaja Machi utakuwa umejitengenezea Desemba ya pili.

Baada ya hapo una haki ya kunyamaza, na usione haya kunyamaza. Usiwaonyeshe michoro ya vitu ambavyo hujavijenga, kwa kuwa mchoro ukishaonekana huhesabiwa kuwa sehemu ya gemu, na siku ukiuondoa utaulizwa umeupeleka wapi. Ukiwa na dakika kumi zinazochezeka bila kukwama, mwite mmoja wao, yule mkali wa kukosoa, umkalishe mbele ya kompyuta yako, wewe ukae nyuma yake bila kumwelekeza. Angalia vidole vyake vinasita wapi. Hapo andika kwenye daftari, wala usiandike kwenye kundi.