Mtoto hajazaliwa, jina mmeshaligombania: ushauri wa mama wa watoto wanne

Kila shoga yangu akikaribia kujifungua hunitumia orodha aliyoipata mtandaoni. Majina mia, asili yake pembeni, maana yake pembeni. "Zuri: Kiswahili, mrembo." "Nia: Kiswahili, kusudi." Ananiuliza lipi linamfaa bintiye. Mimi humjibu: weka simu chini kidogo, au itumie kumpigia shangazi yako.

Orodha nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa ajili ya watu walio mbali na sisi. Nia na Imani ni katika misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga huko Marekani mwaka 1966, na Wamarekani weusi wengi wakawapa binti zao majina hayo. Wana haki yao, na Imani hata huku wapo tele. Lakini Zuri? Sikio la Mswahili linabaki linangoja kitu mbele yake: mzuri, nzuri, kizuri. Anayetaka kumsifia bintiye huku pwani humwita Jamila, basi.

Na sisi jina mara nyingi halianzi na sifa, linaanza na tukio. Juma kazaliwa Ijumaa, Hamisi Alhamisi, Mwanaidi sikukuu ya Idi. Chausiku alikuja usiku, Mwamvua mvua ikinyesha, Pili ana Mosi mbele yake. Ukivuka kwenda kwa Wajaluo, Otieno naye ni wa usiku na Akinyi wa asubuhi. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa siku aliyozaliwa mwaka 1922 mvua ilishuka hasa. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa. Mume wangu ni Msukuma, anaitwa Shija. Akijitambulisha tu Shinyanga, mtu anajua kwao kuna mapacha, Kulwa na Doto, na yeye ndiye aliyewafuata. Orodha gani ya mtandaoni itakupa habari yote hiyo kwa neno moja?

Ndiyo maana nakwambia umpigie shangazi. Muulize nani katika ukoo aliitwa nini na kwa nini. Utasikia mambo ambayo hukuwahi kuambiwa. Kwetu kuna Tabu, Mashaka na Sikitu, na nilipokuwa mdogo nilidhani babu zetu walikosa tu majina mazuri. Mama ndiye aliyenieleza kwamba Sikitu alizaliwa baada ya watoto waliofariki mfululizo. Wakampa jina la kumdharau makusudi, ili kifo kimwone si kitu, kimpite. Kaishi hadi kupata wajukuu wanaomcheka jina. Wakikuyu nao wana Kariuki na Njoki, aliyefufuka na aliyerudi, na ukisikia hivyo unajua ndani ya ile nyumba kulikuwa na msiba. Je, nakushauri umwite mwanao Mashaka leo? Hapana. Darasani Dar es Salaam watamcheka siku ya kwanza. Ila usiyafute kwenye hadithi za nyumbani. Na anayeona jina alilopewa halimfai, anaweza kulivua: Siti binti Saad, malkia wa taarabu wa Zanzibar, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni bibi mheshimiwa. Na ndilo anakumbukwa nalo hadi leo.

Sasa jambo ambalo wazazi wapya hawalifikirii kabisa. Jina la mtoto wa kwanza ni lako pia. Kuanzia siku ile, sokoni, kwenye daladala, kwenye vikoba, msibani, wewe ni Mama Fulani mpaka uzeeke. Nimemjua mama mmoja aliyempa mwanawe jina refu la tamthilia ya kigeni. Mtaa mzima ulishindwa kulitamka, wakamfupishia yeye na mtoto kwa pamoja, na ufupisho wenyewe haukuwa na adabu. Simama uani, ita hilo jina kwa sauti kama unamwita mtoto aje kula. Kisha litie "Mama" mbele. Ukiona aibu, tafuta lingine.

Halafu kuna suala la wakwe. Wanaume hupenda mtoto awe somo wa baba yao au mama yao, na ni heshima kubwa. Lakini wewe mkamwana utamfokeaje mtoto mwenye jina la baba mkwe? "We Masanja, njoo hapa nikuchape!" na mzee yupo sebuleni. Katika nyumba nyingi mkamwana hata halitamki jina hilo. Sisi wa tatu tulimpa jina la mama mkwe, na tangu siku ya kwanza nyumbani ni Bibi. Bibi kojoa, Bibi vaa viatu. Mama mkwe akija hufurahi, na mimi ulimi wangu uko salama. Kubalianeni hilo la nyumbani mapema, kabla majirani hawajawatungia.

Kwa majina ya dini, nina moja tu la kusema: yatoeni mazima. Abdul peke yake ni "mja wa" halafu sentensi imekatika. Mja wa nani? Abdulrahmani, Abdulkarimu, hapo limetimia. Waislamu wengi huliweka jina siku ya saba pamoja na akika, kwa hiyo mna muda wa kumuuliza ustadhi. Wakristo wa Kaskazini wao walishajitengenezea utamu wao: Elibariki, Elifuraha, Mungu wa Kiebrania mbele na Kiswahili nyuma.

La mwisho linachosha lakini ndilo litakalokusumbua miaka kumi na minane baadaye: herufi. Hadija, Khadija, Khadijah. Zainabu, Zainab, Zaynab. Hospitali wakiandika tangazo la kizazi hivi, kadi ya kliniki ikasema vile, na shule ikaongeza H yake, siku ya kuomba kitambulisho cha NIDA au mkopo wa chuo kijana wako ataanza kuzunguka na hati ya kiapo. Chagueni mwandiko mmoja kabla ya uchungu kuanza. Uandikeni kwa herufi kubwa pamoja na jina la baba na la babu, uwekeni ndani ya kadi ya kliniki, na baba asome kila karatasi kabla ya kutoka wodini. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kifuatilieni ndani ya siku 90, na kikitoka, kisomeni hapo hapo dirishani, herufi kwa herufi, hata kama foleni nyuma yenu inaguna.