Msumeno wangu unapinda, ninunue upi?

SWALI: Shkamoo fundi. Nimeanza kujitengenezea vitu nyumbani, saivi niko kwenye droo za mbao ya paina. Msumeno wangu wa hadiwea kila nikikata unakimbilia kulia, kona zinaacha uwazi mpaka mwanga unapita. Ninunue upi, au nihamie wa umeme?

JIBU: Marahaba. Wa umeme uache kwanza, hela yako itakaa. Huo wako nahisi ni ule mrefu wa inchi 20 au 22, meno 7 au 8 kwa inchi, huo ni wa kupunguzia mbao tu, bati lake pana linajikunja ukilikandamiza kidogo.

Kwa kona za droo tafuta wenye mgongo, yani juu ya bati kuna kipande cha chuma au shaba kimelibana urefu wote, bati halichezi. Inchi 10 hadi 12 inatosha, meno 12 mpaka 14 kwa inchi (beba rula uhesabu mwenyewe, maneno ya muuzaji achana nayo). Ila mgongo ukifika kwenye ubao ndo mwisho wa kuzama, kwahiyo ule wa zamani usiutupe.

Dukani mwambie autoe kwenye kava, fumba jicho moja uangalie meno kuanzia mpinini mpaka nchani kama mtu anayelenga bunduki, bati likiwa na tumbo rudisha hata kama ni bei chee. Meno yanatakiwa yalale moja kushoto moja kulia kwa kiasi kilekile, upande uliolala zaidi ndo msumeno utavutia huko. Ukiona ncha zina weusi kama zimeungua ujue zimekomazwa kwa moto, zinakaa na makali muda mrefu sana lakini tupa ya kunolea haziiskii, zikiisha umenunua mwingine. Kwa mtu wa nyumbani asiyejua kunoa mi naona hiyo poa tu. Ile ya Kijapani ya kuvuta nayo inakata safi mno, bati jembamba kwasababu ukivuta linanyooka, ila kwenye mninga wenye fundo meno yake yanakatika kirahisi.

Af kabla hujatoa hata mia jaribu hivi. Laza msumeno mezani, upande unaokuwa kulia ukiwa unakata uwe juu, pitisha jiwe la kunolea taratibu pembeni ya meno mara moja tu, kata kipande cha majaribio, bado unavuta rudia. Mimi nililaumu mkono wangu muda mrefu kumbe meno ya upande mmoja yalikuwa yametoka nje zaidi, kujua ni pale mwenzangu alipoushika na yeye akapinda vilevile.

Na penseli weka pembeni, chora kwa kisu kikali ukifuata skwea (kile kipimo cha kona mraba), nyuzi za juu zinakatika mapema na msumeno unapata kimfereji cha kuanzia. Anza kwa kuvuta nyuma mara mbili tatu, kata upande wa kipande utakachotupa, mstari wenyewe uuache uonekane.