Manowari za Mtongwe: ziko ngapi, na mbona hazitoki?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza mahamri na viazi karai upande wa Likoni, karibu na kivuko, na kila siku navuka kwenda Kongowea kununua vitu. Kijana wangu yuko kidato cha pili, ataka kuwa mwanamaji, na ananiuliza mambo nisiyoyajua. Kenya ina manowari ngapi? Mbona zile za Mtongwe, kwenye kituo cha wanamaji, twaziona zimefungwa tu gatini, wiki nenda wiki rudi? Mbona mkubwa wao aitwa Meja Jenerali kama wa nchi kavu, wala si Admirali kama kwenye filamu? Na hawa walinzi wa pwani wa Liwatoni ni walewale ama ni wengine? (Mama Viazi, Likoni)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mwambie kijana maswali yake nimeyapenda. Mimi si mwanajeshi na sijawahi kuwa. Nimekula chumvi Kilindini, bandari ya Mombasa, miaka thelathini na kitu ndani ya vyumba vya injini, kwenye meli za mizigo, tagi (boti za kuvuta meli) na matishari. Kwa hivyo nitasema ya hadharani na ya ufundi. Siri za jeshi siyo kazi yangu.

Nianze na lile la manowari kufungwa gatini, kwa sababu ukishalielewa hilo, la idadi litakuwa jepesi.

Meli iliyo gatini si lazima iwe imelala. Nenda Bandari ya Kale uwatazame watu wa majahazi. Jahazi likishamaliza safari zake husogezwa pwani maji yakijaa, na yakitoka hubaki juu ya mchanga limeegemezwa magogo. Hapo mafundi huingia chini: huyu akwangua, yule akalafati nyufa, mwingine apaka shahamu iliyochanganywa na chokaa ili mdudu wa baharini asile mbao. Nahodha asiyetaka kupoteza siku za namna hiyo atapoteza jahazi zima. Manowari nayo ni vivyo hivyo, ila ni ya chuma na badala ya mchanga hupanda cheleza, yaani mahali pa kuipandisha meli nje ya maji ili itengenezwe. (Mafundi wengi Mombasa husema cheleza, vitabuni utaona chelezo.)

Hapa mezani pangu nina kipande cha zinki nilichokitoa chini ya tishari moja zamani. Kilipofungwa kilikuwa kinene, kimenyooka kama mche mpya wa sabuni. Sasa kiko kama mche uliofulia nguo za nyumba nzima: kimeliwa kiunoni, kingo zimetoboka matundu matundu, na ukikikwaruza kwa ukucha unga mweupe wadondoka. Kazi yake ni hiyo hiyo, kuliwa. Maji ya chumvi yakikutana na metali za aina mbalimbali, ile iliyo dhaifu zaidi ndiyo huliwa kwanza, kwa hivyo tunafunga zinki kuzunguka propela na usukani ili iteketee yenyewe na chuma kibaki salama. Zinki ikiisha na meli haijapandishwa, chumvi haisubiri: inahamia kwenye mabati ya meli. Kalenda ya meli huanzia hapo, kabla hujagusa injini.

Injini nazo hazihesabiwi kilomita kama matatu yako ya Kongowea, huhesabiwa saa. Zikifika saa kadhaa zafunguliwa, mitungi yapimwa, vipuri vyabadilishwa, na kipuri chenyewe huenda chatoka Ulaya na chahitaji miezi. Juu ya hayo ongeza rada, mizinga na mitambo ya mawasiliano, kila kimoja na ratiba yake.

Ndiyo maana watu wa manowari, popote duniani, wana hesabu moja ya kukadiria: ukitaka meli moja iwe baharini wakati wote, uwe nazo tatu. Moja iko doria, moja imerudi na inafanyiwa matengenezo makubwa, ya tatu inajitayarisha na watu wake wanafanya mazoezi. Mbili kati ya hizo wewe utaziona zimekaa tu. Ile inayofanya kazi ndiyo usiyoiona.

Na bahari yenyewe si ndogo. Pwani yetu ina urefu wa kilomita 500 na zaidi, na eneo la uchumi la baharini laenda maili 200 za baharini kutoka ufukweni, karibu kilomita 370. Manowari ikitoka mlango wa Kilindini kwa mwendo wa noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), ambao ni mwendo wa kubana mafuta, itafika ukingoni baada ya saa kumi na tatu na ushei. Kwenda na kurudi tu, siku imepita na zaidi, na bado haijafanya doria hata ya saa moja.

Sasa idadi. Baada ya KNS Jasiri kufika Mombasa mwaka 2012, orodha ya meli kubwa ilikuwa na nane, mbali na boti ndogo za kasi zinazofanya kazi za karibu na ufukwe na kwenye visiwa vya Lamu. Hizo KNS ni herufi tu za kuonyesha kwamba ni meli ya Wanamaji wa Kenya. Lakini badala ya kumkaririsha kijana orodha, mfundishe kuyasoma majina, kwa sababu wazee waliozipa meli majina walituachia historia nzima humo.

Jeshi la Wanamaji lilizinduliwa tarehe 15 Desemba 1964. Kabla yake palikuwa na jeshi la majini la kikoloni la Afrika Mashariki, makao yake hapa hapa Mombasa, na hilo lilivunjwa 1962. Meli za mwanzo zilipewa majina ya wanyama: Nyati, iliyotoka kwa Waingereza 1964, kisha mwaka 1966 zikaja Simba, Chui na Ndovu, na 1974 Mamba. Miaka ya sabini siasa ikapanda melini: Madaraka, Jamhuri, Harambee. Ilipofika 1987 tukapata Nyayo na Umoja, na mtu wa rika langu hahitaji kuelezwa kwamba rais alikuwa Moi, mwenye kaulimbiu ya Nyayo. Hizo mbili zilijengwa Uingereza, urefu wake ni karibu mita 57, zikiwa na mzinga wa milimita 76 na makombora ya Otomat ya kupigia meli. Baadaye zilipelekwa Italia kufanyiwa ukarabati mkubwa, zikarudi bila makombora, zikawa za doria. Wako wanaolisikitikia hilo. Mimi silisikitikii sana: kombora la kuzamisha manowari halimkamati mwizi wa samaki, na kulitunza ni gharama ya kutisha.

Mwaka 1994 zikaja Tana na Galana kutoka Hispania. Hapa aliyechagua majina namvulia kofia. Hizi ndizo meli za kubeba askari, magari na mizigo na kuishusha ufukweni, yaani kazi yake ni kati ya maji na nchi kavu, na zikapewa majina ya mito miwili inayomwaga maji yake katika pwani yetu. Mwaka 1997, Hispania tena, zikaja Shujaa na Shupavu, za mita 60. Ya saba ni Harambee ya pili, iliyorithi jina la ile ya zamani. Yenyewe ilikuwa boti ya doria ya Ufaransa, La Rieuse, wakatukabidhi 2011.

Jasiri, ya nane, nimeiacha nyuma kwa makusudi. Ni ndefu kuliko zote nilizozitaja, mita 85. Mkataba wake ulitiwa saini 2003, ikajengwa Hispania, halafu mzozo wa mkataba na malipo ukaifunga huko huko Ulaya miaka na miaka. Ilipoingia Kilindini 2012 ilikuwa meli mpya iliyozeeka. Mtu wa injini anajua maana yake: mashine iliyokaa bila kuzungushwa huharibika pengine kuliko iliyofanyishwa kazi. Mipira hukauka, mafuta huganda kwenye mabomba, unyevu huingia kwenye nyaya. Ukinunua friji ya kuhifadhia nyama kwenye kibanda chako, halafu ikae kwenye boksi miaka saba bandarini, usije ukashangaa siku ya kuiwasha.

Kwa muda mrefu ukarabati mkubwa ulimaanisha kuipeleka meli ng'ambo, na kila miezi inayokaa huko ile hesabu yako ya tatu yaharibika. Siku hizi kuna kampuni ya serikali ya kujenga na kutengeneza meli, Kenya Shipyards, iliyoanzishwa 2020 na yenye karakana Kisumu na hapa Mombasa. KNS Shupavu imekarabatiwa hapa hapa. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kununua meli mpya, maana meli mpya bila cheleza ni meli ya miaka mitano.

Tuje kwenye mpangilio. Katiba, kifungu cha 241, yataja majeshi matatu ndani ya Jeshi la Ulinzi: la nchi kavu, la anga na la wanamaji. Kila moja lina kamanda wake, na wote watatu wako chini ya Mkuu wa Majeshi. Kenya iliamua kwamba vyeo vya maafisa viwe ngazi moja kwa majeshi yote matatu, ndiyo maana kamanda wa wanamaji ni Meja Jenerali, sawa na yule wa anga. Admirali hatuna. Mwanzoni makamanda walikuwa Waingereza. Mkenya wa kwanza, J.C.J. Kimaro, alishika usukani 1972. Na mwaka 2015 Samson Mwathethe, aliyekuwa kamanda wa wanamaji, akawa Mkuu wa Majeshi, wa pili kutoka majini kufika hapo, baada ya Joseph Kibwana.

Kinachochanganya zaidi ni neno "kapteni". Kapteni ni cheo, tena si kikubwa sana. Anayeamuru manowari huenda ana cheo cha Meja au Luteni Kanali, lakini ukiingia melini utasikia akiitwa kapteni kwa mazoea ya Kiingereza. Kiswahili chetu kilishalimaliza jambo hili zamani: huyo ni nahodha. Nahodha ni kazi, si cheo, na wa jahazi na wa manowari wote walitumie.

Makao makuu ya wanamaji ni Mtongwe, na huko huko ndiko kwenye chuo chao cha mafunzo. Kituo cha pili kikubwa ni Manda, Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Ndani ya jeshi hilo wamo pia watu ambao hawakai melini kabisa. Wako wapiga mbizi, ambao watu wa Likoni mtawakumbuka kwa uchungu: gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri tarehe 29 Septemba 2019, wao ndio walioshuka tena na tena kwenye giza la mlango ule mpaka likatolewa tarehe 11 Oktoba. Wako pia askari wa kupigana wakitokea majini, na Septemba 2012 majeshi yetu yalitua Kismayo, Somalia, kupitia ufukweni. Halafu kuna mafundi, wapishi, watu wa stoo, watu wa redio. Nikikadiria kwa macho ya karakana, kila baharia unayemwona amesimama kwenye omo, sehemu ya mbele ya meli, ameshikiliwa na watu kadhaa wa nchi kavu ambao hakuna anayewapiga picha.

Walinzi wa pwani ni wengine, mwanangu. Hiyo ni Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyoundwa kwa sheria ya 2018 na kuzinduliwa Liwatoni Novemba mwaka huo huo, na iko upande wa wizara ya usalama wa ndani. Kazi yake ni ya kipolisi: uvuvi haramu, magendo, dawa za kulevya, uchafuzi wa bahari, kuokoa watu. Meli yao ya mwanzo inaitwa Doria. Wanamaji kazi yao ya kwanza ni adui wa nje, ingawa wakiitwa kusaidia huja. Kwa mtu wa ufukweni njia rahisi ya kukumbuka ni hii: mvuvi akikosa kibali atakutana na Liwatoni.

Kuhusu kijana mwenyewe. Ashike hisabati na fizikia, na ajifunze kuogelea sasa, si kwa kurukaruka tu pale kwenye ngazi za kivuko. Mtu akikuomba pesa ili "amsaidie kuingia", mfukuze. Usajili haulipiwi hata shilingi. Na asishtuke: kuruta wa jeshi la majini huanzia shule ya makuruta Eldoret, kwenye mashamba ya mahindi na baridi ya asubuhi, pamoja na wenzao wa nchi kavu na wa anga. Bahari ataiona baadaye.

Siku ambayo feri yenu itasimamishwa kupisha manowari, mwambie atazame ubavuni kwenye omo. Herufi P ni ya doria: P3124 ni Jasiri, P3126 ni Nyayo, P3127 ni Umoja. Akiona L, hiyo ni Tana au Galana. Aangalie pia kama inatoka au inaingia, aandike tarehe kwenye daftari. Akifanya hivyo mwaka mmoja, atakuwa na jibu bora la swali lenu la kwanza kuliko nililompa mimi.