Honda CG125 ya zamani kugonga upande wa kiki

Pole, kaka wa Ngamiani. Umesema pikipiki yako ya CG125 inagonga upande wa kiki ikiwa silensa (injini inanguruma bila kupewa mafuta), na fundi anataka ubadilishe mnyororo wa taimingi. Usitoe hela! Injini hiyo haina mnyororo wa taimingi. Kamu yake (mhimili unaofungua valvu) inazungushwa na gia.

Ipashe moto, iache silensa bila gia, kisha vuta klachi taratibu. Mlio ukipotea au ukibadilika, shuku kwanza kikombe cha klachi (chombo kinachobeba sahani za klachi). Ukibaki vilevile, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la kulia, mpini sikioni, utafute unapovuma zaidi.

Halafu mwaga oili na upitishe sumaku. Vipande vya chuma vikitoka, usiendeshe tena, hata hadi Pongwe tu. Kava likifunguliwa, shika gia kubwa ya klachi uzungushe kikombe kwa mkono: kikicheza huku gia imetulia, riveti au springi za nyuma zimechoka. Kagua pia nati ya gia ya krenki (mhimili mkuu wa injini), iliyo nyuma ya kifuniko cha kichujio cha oili. Ina spana yake maalumu. Nakusihi, mtu asiigonge kwa tindo. Gasketi weka mpya.